Roboti wa Katuni: Mume au Mke?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu akakipimia kipimo chake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Ama baada ya haya.

Katika darsa yetu ya hapa Mkongani limeletwa suali na mzazi mmoja. Tumeona lina faida kwa wengi, khasa wenye watoto wadogo majumbani, na kwa hivyo tunalijibu katika ukurasa huu ili lisibakie baina ya watu wachache waliohudhuria.

SUALI: Watoto wetu huangalia katika simu katuni ya Kimarekani iitwayo Adventure Time. Ndani yake mna roboti mdogo aitwaye BMO. Wenziwe mara humtaja kwa neno la Kiingereza la kiume, mara kwa neno la kike, na sauti yake ni sauti ya mwanamke. Mwanangu ameniuliza: "Baba, huyu ni mvulana au ni msichana?" nami nikanyamaza. Jirani yangu asema huyo ni khuntha, amewekwa kusudi awaharibu watoto, na kumtazama ni haramu. Mwengine asema ule ni mchezo tu, haina haja watu kujitaabisha. Lipi la haki? Na je, roboti huyu hukumu yake ni hukumu ya khuntha?

JAWABU:

Ndugu zetu Waislamu, wanavyuoni wa usuli wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Asiyekijua kitu hawezi kukitolea hukumu, na akitoa, basi amesema pasina elimu, na kusema pasina elimu juu ya dini ya Mwenyezi Mungu ni khatari kubwa. Kwa hivyo na tuanze kwa kukijua hicho tunachoulizwa.

Katuni hiyo ilitungwa na Pendleton Ward wa Marekani, na ilionyeshwa na stesheni ya Cartoon Network kuanzia mwaka 2010 mpaka 2018. Huyo BMO ni kisanduku cha kuchezea michezo, chenye kioo mahali pa uso, na mikono na miguu myembamba. Sauti yake hutolewa na mwanamke aitwaye Niki Yang. Ni kweli kuwa wenziwe humtaja kwa namna mbili, na watungaji hawakujali kuamua. Hapa kwetu Kenya, mwezi wa Juni 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilitangaza kuzipiga marufuku katuni sita, nazo ni Adventure Time, Steven Universe, Clarence, The Loud House, The Legend of Korra na Hey Arnold. Hoja ya Bodi ilikuwa kwamba katuni hizo zawazoesha watoto mapenzi ya watu wa jinsi moja. Amri ile iliwahusu wenye kurusha matangazo ya televisheni. Lakini simu haina bawabu, na kilichofungiwa mlango wa mbele huingia kwa dirishani. Ndiyo sababu suali hili limetufikia leo, miaka mingi baada ya amri ile.

Liwati na usagaji hukumu yake ni maarufu, na Waislamu hawana khitilafu katika uharamu wake. Hilo si suali la muulizaji. Yeye ameuliza juu ya kisanduku chenye miguu, nasi twajibu aliloulizia.

NENO LA KWANZA: LUGHA

Jambo la kushangaza ni kwamba suali hili halingezaliwa katika lugha yetu. Mswahili husema "amekuja", "amelala", "yeye", wala hakuna katika maneno hayo dalili ya mume au mke. Na Kidigo, ambacho ndicho kisemwacho majumbani mwetu huku Kwale, ni vivyo hivyo. Mwingereza, kwa desturi, akimtaja mtu mmoja asiyekuwepo huchagua neno la kiume au la kike. Basi akifikia kitu kisicho na ume wala uke, ulimi wake humpa taabu, na taabu hiyo ya ulimi ndiyo iliyosafiri katika katuni mpaka ikafika kwetu.

Hebu nawauliza, enyi wasomaji: Sungura wa hadithi za bibi zetu ni mume au mke? Miaka na miaka tumemsikia akimhadaa Fisi, akimcheka Simba, akiiba maji ya kisima, na hakuna mtoto aliyelala na taabu ya kutaka kujua. Sungura alikuwa Sungura, na mafunzo yalikuwa katika werevu wake na katika mwisho wa hila zake. Hatukuona mwana wa mtu aliyepotea kwa sababu hiyo.

Na lugha ya Kiarabu, ambayo ndiyo lugha ya Qur'ani Tukufu, kila neno lake ni la kiume au la kike: jua ni la kike, na mwezi ni wa kiume. Wala hakuna Mwarabu mwenye akili aliyedhani kuwa jua ni mwanamke. Majina ya Talha na Hamza na Usama, Radhi za Mungu ziwafikie, yana alama ya kike katika mwisho wake, na wenyewe walikuwa mashujaa wa vita. Mwanafunzi wa nahau hufundishwa mapema kuwa uke wa tamko ni jambo moja, na uke wa maumbile ni jambo jengine. Basi kule kutajwa BMO mara hivi mara vile ni jambo la matamshi tu, na matamshi hayakipi chuma maumbile.

NENO LA PILI: VISIVYO NA UME WALA UKE

Labda mtu atasema: "Yawezaje kuwa chenye kusema na kutembea kisiwe mume wala mke? Mtoto hatachanganyikiwa?" Twajibu: mtoto wako amekwisha kulijua jambo hili chuoni. Katika matini ya Aqidatul Awam, ambayo watoto wa pwani hii huihifadhi wangali wadogo, hufundishwa kwamba malaika hawana baba wala mama, hawali wala hawanywi wala hawalali. Na wanavyuoni wetu wa tauhidi wamesema wazi kuwa malaika hawasifiwi kwa ume wala kwa uke. Nao ni waja watukufu, wenye kutii, wasiochoka.

Tena tazama ukali wa Qur'ani juu ya jambo hili. Washirikina wa Makka waliwaita malaika kuwa ni wanawake, na Mwenyezi Mungu akawakemea katika Suratuz Zukhruf, aya ya 19, akauliza kama walishuhudia kuumbwa kwao, na akaonya kwamba ushahidi wao huo utaandikwa na wataulizwa. Na katika Suratun Najm, aya ya 27, amebainisha kuwa wenye kuwapa malaika majina ya kike ni wale wasioiamini Akhera. Mafunzo yake ni haya: kukipa kitu ume au uke bila ya kujua ni kusema uwongo juu ya uumbaji wa Mwenyezi Mungu, na kujibu "hana ume wala uke" ni jawabu kamili, wala si upungufu.

Na hapa hatuna budi kusema neno moja lililo chungu. Kuna watu katika vijiji vyetu ambao leo wamepandwa na ghadhabu juu ya kisanduku cha katuni, na kesho mwana wao akishikwa na homa humpeleka kwa mganga. Mganga akapiga ramli, kayamba ikapigwa usiku kucha, akaulizwa pepo: "Wewe u mume au u mke? Wataka nini? Wataka kitambaa cha rangi gani?" Na baba yule yule huamini jawabu, akatoa kuku na fedha. Subhana Llah! Huyu amekasirika kwa sanamu ambayo hata mtoto anajua kuwa ni mchoro, na ameridhika na uwongo ambao wazee wanaufanya kuwa dini. Ikiwa tutaogopa kitu kwa ajili ya itikadi za watoto wetu, basi na tukiogope kwanza kile tunachowashika mkono kuwapeleka sisi wenyewe.

Ama roboti, hana ume wala uke kwa sababu iliyo duni kabisa, nayo ni kwamba hana uhai. Malaika ni wa nuru na utiifu, na roboti ni chuma na umeme, na huyo wa katuni hata chuma si chuma, ni rangi tu katika kioo. Neno lenyewe "roboti" lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa nchi ya Cheki, ulioandikwa mwaka 1920, na asili yake ni neno la lugha yao lenye maana ya kazi ya shokoa. Lakini ufundi wenyewe ni wa zamani, na Waislamu walikuwa mabingwa wake. Banu Musa wa Baghdad waliandika kitabu chao cha hila za vyombo katika karne ya 9 ya miladi, na Al-Jazari alimaliza chake mwaka 1206. Ndani yake ameeleza vyombo vyenye maumbo ya watu, na mmojawapo ni mfano wa kijakazi anayetoka mlangoni na kinywaji mkononi, kwa nguvu ya maji tu. Hatujui mwanachuoni yeyote aliyebahathi kama kijakazi yule wa kutengenezwa yampasa stara, au kama yafaa mwanamume kukaa naye faragha. Walijua kuwa ni chombo.

NENO LA TATU: KHUNTHA NI NANI

Sasa twafikia moyo wa jambo. Jirani wa muulizaji amesema roboti yule ni khuntha. Kauli hii ni batili, na ubatili wake una madhara zaidi ya madhara ya katuni yenyewe, kwani imemdhulumu mwanadamu.

Khuntha ni mtu. Ni mja wa Mwenyezi Mungu, mwana wa Adam, aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika upesi kuwa ni ya mume au ya mke. Hakujiumba mwenyewe, wala wazazi wake hawakukosa lolote. Dini yetu haikumficha wala haikumwonea haya. Fungueni vitabu vya Shafi'i, Minhaj ya Imam An-Nawawi na sharhe zake, mtamkuta khuntha katika mlango wa tahara, na wa sala, na wa jeneza, na wa ndoa, na wa mirathi. Ana safu yake msikitini: nyuma ya wanaume na watoto wa kiume, mbele ya wanawake. Mafaqihi wamepanga mahali pake pa kusimama mbele ya Mola wake, ili asipatikane mtu wa kumwambia, "Wewe huna mahali hapa."

Na katika mirathi haki yake imehifadhiwa kwa hesabu. Mfano wake: mtu amekufa, ameacha shamba la minazi 60, na warithi wake ni wawili tu, mwana wa kiume na mwana aliye khuntha asiyebainika. Khuntha akihesabiwa mume, kila mmoja atapata minazi 30. Akihesabiwa mke, ndugu yake atapata 40 na yeye 20. Basi katika madhehebu yetu kila mmoja hupewa lile lililo yakini: ndugu 30, khuntha 20, na minazi 10 iliyobaki husimamishwa, haiguswi na yeyote, mpaka jambo libainike au wapatane wenyewe. Tazameni uadilifu huu! Minazi kumi imesimama shambani, inaanguka nazi, na hakuna mwenye ruhusa ya kuila kwa kudhani tu. Sheria iliyolinda nazi za mtu huyu, itakuwaje iache heshima yake ichezewe katika baraza za kahawa?

Wala wasidhani watu kuwa jambo hili ni la vitabuni tu. Katika hesabu ya watu wa Kenya ya mwaka 2019, kwa mara ya kwanza watu hawa walihesabiwa peke yao, na idadi iliyoandikwa ni 1,524. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imemtaja mtoto wa namna hii pamoja na haki zake. Basi wako miongoni mwetu. Na huenda katika kijiji chako yuko mama amfungaye mwanawe ndani, asimpeleke chuoni wala skuli, kwa kuogopa macho ya watu na ndimi zao. Mama huyo akisikia msikitini kuwa neno "khuntha" limekuwa tusi la kutukania sanamu za katuni, atamtoa mwanawe lini? Mtoto huyo atajifunza Al-Fatiha kwa nani?

Enyi ndugu, hilo ndilo la kutisha. Sanamu haihisi. Haipungukiwi na kitu ikilaaniwa mchana na usiku. Lakini mtoto wa watu anasikia, na moyo wake unavunjika, na kesho mbele ya Mwenyezi Mungu atakuwa na madai.

Na mwenye kupata mtoto wa namna hii, wajibu wake ni huu. Asimfiche wala asimwonee haya. Ampeleke kwa tabibu mwaminifu mwenye ujuzi, na amuulize mwanachuoni anayeijua fiqhi, wala asiende kwa mganga. Asikubali mtoto akatwe kiungo chochote kwa haraka ya kuwaridhisha majirani, kwani mafaqihi wenyewe, pamoja na elimu yao, walingoja alama zibainike, na nyengine hazibainiki ila kwa kubaleghe. Ikiwa wao walingoja, sisi tuna haraka gani?

NENO LA NNE: MWENYE KUJIFANANISHA, NA KIASI KIBOVU

Liko kundi jengine ambalo watu hulichanganya na khuntha, nao ni wenye kujifananisha. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaume wenye kujifananisha na wanawake, na wanawake wenye kujifananisha na wanaume. Hadithi hii ni sahihi na hukumu yake ni thabiti. Lakini Imam An-Nawawi katika sharhe yake ya Sahihi Muslim amepambanua baina ya mtu aliyeumbwa na ulaini katika mwendo na usemi wake, ambaye hana lawama kwani si kitendo chake, na yule anayejitia kusudi, ambaye ndiye mwenye lawama. Basi lawama hufuata kusudi, na kusudi haliwi ila kwa mwenye akili.

Roboti hana akili ya taklifu wala kusudi, kwa hivyo hawi khuntha wala hawi mwenye kujifananisha. Kusudi ni la waliomtunga, na athari ni kwa anayemtazama. Huko ndiko tuelekeze macho.

Yawezekana mtazamaji akafanya kiasi hiki moyoni mwake: "Ikiwa BMO leo ni mvulana na kesho ni msichana, wala hapana neno, basi na mimi kadhalika." Wanafunzi wa usuli hukiita kiasi hiki kuwa ni kiasi pamoja na tofauti, nacho ni batili. Asili yake ni chombo na tawi lake ni mwanadamu, na hakuna sababu iliyowakusanya. Chombo hakina mwili uliokadiriwa na Mola wake, hakina ukoo, hakizai, hakirithi, hakifi. Mwanadamu ameumbwa kutokana na mume na mke, kama alivyosema Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 13, na juu ya hilo zimejengwa ndoa, na nasaba, na haki za wazazi. Mtoto na afahamishwe tofauti hii.

Lakini tazameni ajabu: baba aliyekasirika akasema "roboti yule ni khuntha" amefanya kiasi kile kile! Yeye pia amekitwaa chombo akakipa hukumu ya mwanadamu. Mmoja amepotea kwa kuridhia na mwengine amepotea kwa ghadhabu, na kosa ni moja. Dawa ya kosa hilo ni moja pia: kurudisha kila kitu mahali pake.

NENO LA TANO: KHATARI ILIYOACHWA

Sasa natutaje yale ambayo kwa maoni yetu yastahili kuogopewa zaidi, nayo ni mawili.

La kwanza ni mtoto kudhani kuwa kila chenye kusema kina uhai. Ndani ya katuni hiyo hiyo mna mahali ambapo BMO husimama peke yake mbele ya kioo, akazungumza na kivuli chake na kujifanya mtoto wa binadamu aliye hai. Watungaji wameleta jambo hilo kwa kuchekesha. Ama sisi tunamkumbuka ndama wa Samiri. Qur'ani imeeleza katika Suratu Taha, aya ya 88 na 89, jinsi Samiri alivyowatolea watu kiwiliwili cha ndama chenye sauti, wakasema ndiye mungu wao, na hali hakuwa akiwarudishia neno wala hakuweza kuwadhuru wala kuwafaa. Sauti tu ndiyo iliyowapoteza! Na vyombo vya leo hurudisha neno, tena kwa ufasaha. Kijana humuuliza simu yake siri za moyo wake, ikamjibu kwa upole kuliko babake. Basi mtoto asipofundishwa mapema kuwa ufasaha si roho, atakapokua atamtaka ushauri asiyekuwa na dhamiri.

La pili ni adabu. Katika mchezo ule wa Čapek, roboti walitengenezwa wa sura ya kiume na wa sura ya kike, na sababu iliyotolewa ni kuwa wanunuzi wamezoea watumishi wa kike. Karibu miaka 100 baadaye, vyombo vya kusema vilipoingia majumbani, vingi vilipewa sauti ya mwanamke, kama Alexa ya kampuni ya Amazon. Na mwaka 2019 shirika la UNESCO lilitoa ripoti ikilalamika kuwa desturi hiyo yawazoesha watu kumwona mwanamke ni wa kuamrishwa. Angalieni: mtoto huamrisha sauti ya kike, huikemea, huitukana, nayo haikasiriki wala haichoki. Kisha huingia jikoni, akamsemesha mamake na dadake kwa ulimi ule ule. Na pepo i chini ya nyayo za mama, kama ilivyopokewa. Wazazi wanaouliza roboti ni mume au mke, na waulize pia: mwanangu ajifunza kusema nacho vipi?

WAJIBU WA MZAZI

Baada ya haya, muulizaji atataka kujua la kutenda. Twasema:

Kwanza, usimpige mtoto kwa suali lake. Mtoto akiuliza ni neema, kwani amekuchagua wewe. Mjibu kwa maneno machache: "Huyu si mvulana wala si msichana. Ni chombo, kimechorwa na watu. Wewe umeumbwa na Mwenyezi Mungu, naye ndiye aliyekuchagulia." Jawabu hili lamtosha mtoto wa miaka saba, na ni jawabu la tauhidi.

Pili, usiharamishe kwa ghadhabu. Wanavyuoni wana khitilafu katika mambo ya sura na sanamu. Imepokewa katika Bukhari kuwa Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji achore miti na visivyo na roho. Na imethubutu kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere, na katika riwaya ya Abu Dawud alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume (S.A.W.) akamuuliza juu yake, naye akajibu kwa kumtaja Nabii Suleiman kuwa alikuwa na farasi wenye mbawa, na Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Mtume wa Mwenyezi Mungu hakumtia khofu mtoto kwa sababu ya kiumbe kisichokuwako duniani. Lakini hii si ruhusa ya kila kitu. Katuni ambayo ndani yake mna kuupamba uchafu, iondolewe. Na hiyo iliyoulizwa, Bodi ya serikali imekwisha kuilalamikia, na mwenye kujiepusha na yenye shaka amejilindia dini yake. Kuiacha kwa ajili hiyo ni kheri. Ama kuiacha kwa kudai kuwa kisanduku ni khuntha, hapo hapana hoja.

Tatu, keti naye. Mzazi aliyempa mtoto simu ili apate kupumzika amemwajiri mlezi asiyemjua. Suratut Tahrim, aya ya 6, inatuamrisha tujikinge sisi na jamaa zetu na Moto, na kinga haitumwi, hufanywa. Tenga muda baina ya Maghribi na Isha, simu izimwe, mtoto asomeshwe sura, asimuliwe visa vya Mitume, na hadithi za Sungura na Fisi pia, kwani ndani yake mna hekima za wazee wetu.

Nne, ulinde ulimi wako nyumbani. Usimcheke mbele ya mwanao mtu mwenye umbile tofauti, awe khuntha, au kiwete, au albino. Mtoto husahau alichokiona katika simu kwa wiki moja, lakini alichokisikia kwa babake hukaa nacho maisha.

Na tano, ni juu yetu sisi walimu wa vyuo na maimamu. Tuwafundishe watu mlango wa khuntha kama tunavyowafundisha mlango wa udhu. Tuingie kwa mama yule aliyejifungia, tumwambie kuwa mwanawe ana safu msikitini na ana haki katika mirathi, na kuwa chuo chetu kiko wazi kwake.

Huu ndio muhtasari wa jawabu: roboti wa katuni si mume, si mke, wala si khuntha. Khuntha ni ndugu yetu, na haki yake ni juu yetu.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuijue kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili tuijue kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Tulindie watoto wetu, walio dhahiri na waliofichwa, na utufanye wazazi wao tuwe wachungaji waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.